Vibanda sita Bombo: shajara ya hewa ukaa na uhai wa mizizini

8 Februari 2025: Swali na vifaa

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Bombo, kilomita kama 35 kutoka Kampala kwa barabara ya Gulu. Klabu yetu ya sayansi ina watoto wa Kinubi, Waganda, Walugbara na Waacholi, na baada ya vipindi wenyewe kwa wenyewe huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo shajara nayo ni ya Kiswahili. Hatua za kawaida nitazipitia haraka. Makosa nitayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yanayokula pesa, na atakayetaka kuiga kazi hii asilipe mara ya pili tulichokwisha kulipa sisi.

Hewa ukaa, yaani kabonidioksaidi, ilianza kupimwa mfululizo na Charles Keeling kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Wakati ule ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni. Leo imepita 420. Watu wengi huuliza kama miti itakua haraka zaidi. Sisi tunauliza habari za chini: nani atanufaika na nani atapungua kwenye udongo ulioshika mzizi?

Kuna jambo moja lililowashangaza wanafunzi nilipowaeleza. Hewa iliyomo ndani ya udongo tayari imejaa hewa ukaa, mara kumi au hata mara mia kuliko hewa tunayovuta, kwa sababu mizizi na vijidudu hupumua humo humo. Bakteria aliye sentimita kumi chini hana habari kwamba huku juu imepanda kutoka 420 hadi 620. Kinachomfikia ni kile anachopewa na mti. Jani likipata hewa ukaa zaidi hutengeneza sukari zaidi, sehemu ya sukari hiyo hushuka mizizini, na sehemu huchuruzika nje. Bakteria na kuvu huila. Wao nao huliwa na protozoa (viumbe wadogo wa seli moja) na nematodi, ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo anayeleta habari za angani chini ya ardhi ni mti wenyewe, na sisi tumeamua kumfuata yeye.

Wakubwa wamelifanya jambo hili kwa minara na mabomba. Katika msitu wa Duke, North Carolina, misonobari ilipewa sehemu 200 zaidi kuanzia 1996 hadi 2010. Kule Oak Ridge, Tennessee, miti ilichangamka kwanza, kisha ikapoa naitrojeni ilipopungua. Karibu na Sydney, Australia, mikalitusi ya porini inapuliziwa tangu 2012 kwenye udongo maskini wa fosforasi: ilivuta kaboni zaidi lakini haikunenepa, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo ikarudi hewani kupitia pumzi ya udongo. Udongo wetu mwekundu wa wilaya hii ya Luweero una chuma na alumini zinazoikamata fosforasi na kuikatalia mmea. Ndiyo maana mimi nadhani tunafanana na Sydney kuliko Carolina, na hilo ndilo tunalotaka kuliona kwa macho yetu.

Tumetengeneza vibanda sita vya karatasi ya nailoni, mita moja kwa moja, kimo mita 1.2, juu wazi kidogo. Vitatu vitapewa gesi mpaka 620, vitatu vina hewa ya kawaida. Ndani ya kila kimoja kuna miche minne ya musizi (Maesopsis eminii, mti wetu wa asili wa mbao) na minne ya msonobari, kila mche kwenye kiriba chake, yaani mfuko wa udongo. Tumechagua hiyo makusudi, kwa sababu marafiki zao wa chini ni tofauti: kuvu wa musizi, kama wa mvule, kahawa na mahindi, huingia ndani ya chembe hai (seli) za mzizi, kuvu wa msonobari huufunika mzizi kwa nje kama soksi.

Gharama ya kuanzia: fremu sita za chuma kutoka Katwe, Kampala, sh 510,000 za Uganda, nailoni 180,000, feni ndogo tatu 45,000, vihisi vinne vya hewa ukaa 520,000, paneli ya sola na betri 650,000. Jumla sh 1,905,000. Chama cha wazazi kilitoa nusu.

1 Machi 2025: Feni

Kosa la kwanza tumeligundua kabla hata ya gesi kufunguliwa. Feni tuliziweka kwenye vibanda vya gesi tu, kwa sababu kazi yake ni kuisambaza gesi. Lakini feni hukausha majani na kupunguza joto. Saa nane mchana vibanda visivyo na feni vilikuwa na joto la nyuzi nne zaidi. Tungekuja kulinganisha upepo tukidhani tunalinganisha hewa ukaa. Tumenunua feni tatu nyingine, sh 45,000, na zote sita huwaka na kuzimwa pamoja.

29 Machi 2025: Molasi

Nilitaka gesi iwe rahisi, kitu ambacho shule yoyote ya kijijini inaweza kukipata. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa takriban nusu kilo ya hewa ukaa. Basi tukanunua molasi upande wa Lugazi, jerikeni ya lita 20 kwa sh 40,000, tukaongeza maji na hamira, tukapitisha mpira kutoka kwenye kifuniko.

Siku ya kwanza na ya pili kihisi kilipanda mpaka 900. Siku ya nne kilikuwa 450. Tulijaribu kuanzisha jerikeni kwa zamu, moja kila siku, na mawimbi yakapungua, ila hayakwisha. Usiku wa baridi uchachu unalala, mchana wa jua unaruka. Halafu kuna hesabu ambayo ilinipasa kuifanya Januari. Kila kibanda kinahitaji karibu gramu 260 za gesi kwa siku ya saa kumi, hewa yake ikibadilika mara moja kwa dakika. Vibanda vitatu ni kama gramu 770. Jerikeni ya molasi, ambayo kama nusu yake ni sukari, hutoa kilo saba hivi, lakini hutoa usiku na mchana, na usiku jani halina kazi nayo. Zaidi ya nusu inapotea. Ukiligawanya hivyo, kilo moja ya gesi inayotumika kweli inatugharimu zaidi ya sh 13,000. Mtungi wa gesi ya soda kutoka Kampala, kilo 30 kwa sh 210,000, ni sh 7,000 kwa kilo, na una vali ya kufunga jioni.

Molasi tumeachana nayo. Hasara sh 200,000 kwa jerikeni tano. Mabaki tulimwaga kwenye mboji.

Kwa atakayetumia mtungi: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya chini na haina harufu. Mtungi wetu umefungwa kwa mnyororo nje, chini ya kibaraza. Usiuweke stoo, na usimruhusu mtoto alale karibu nao.

26 Aprili 2025: Kihisi kilichojidanganya

Mtungi tulioufungua tarehe 1 Aprili umekwisha jana. Kwa hesabu ulipaswa kufika siku 39. Umedumu 24.

Tuliusaka uvujaji siku nzima kwa povu la sabuni, kiungo kwa kiungo. Hakuna. Mzee wetu wa ulinzi, aliyekuwa akitutazama tangu asubuhi, akaniambia, "Mwalimu, labda haivuji. Labda mnaigawa wenyewe." Nilimjibu, "Mzee, kihisi kinasema 620 kila siku." Akasema, "Na kihisi nani anakipima?"

Nikachukua kihisi cha nne, kile ambacho kimekuwa mezani dirishani, nikakiweka ndani ya kibanda cha pili kando ya mwenzake. Mwenzake: 622. Hiki: 741.

Sababu ni hii. Vihisi hivi vya infraredi vya bei nafuu vimetengenezwa kwa ajili ya ofisi na vyumba vya kulala. Vinachukulia kwamba ndani ya saa 24 lazima kutakuwa na wakati ambapo chumba kimejaa hewa safi, basi namba ya chini kabisa vilivyoiona vinaiita 400, na vinajirekebisha kufuata hapo. Kibanda chetu hakijai hewa safi kamwe. Mchana kina gesi ya mtungi. Usiku tunazima feni ili kulinda betri, na udongo wenyewe unapumua, hewa ukaa inarundikana mpaka alfajiri. Kihisi kikaona 520 ndiyo ya chini, kikaiita 400, na kila siku kikaendelea kushusha kipimo chake. Kidhibiti nacho, kile kifaa kinachosoma kihisi na kufungua vali ya mtungi, kikazidi kuifungua. Miche yetu imekula kama 325 zaidi ya hewa ya nje badala ya 200.

Dawa: kujirekebisha kwenyewe kunazimika kwa amri moja kwenye programu ya kidhibiti, na sasa kila Jumamosi alasiri, upepo ukivuma, vihisi vyote vinabebwa katikati ya uwanja wa mpira na kulinganishwa hapo, mbali na pumzi za watu. Feni nazo zinawaka usiku kucha kwa mwendo mdogo. Gharama ya somo hili ni kama kilo 11 za gesi, sh 80,000, na wiki tatu za takwimu ambazo tumezifuta kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kwa ufupi pia: misonobari yetu yote ilikuwa imekuwa ya njano. Hilo ni tatizo la zamani, lilisumbua vitalu vingi vya tropiki msonobari ulipoletwa. Bila kuvu wake mti huu haupati chakula cha kutosha. Tulichota udongo chini ya misonobari mikubwa, kiganja kimoja kwa kila mche. Musizi nayo tuliipa kiganja hicho hicho, ili wageni waliokuja na udongo ule wawe sawa kila mahali. Baada ya wiki tano ukijani umerudi.

24 Mei 2025: Maji

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu tulikaribia kutangaza jambo lisilo la kweli.

Tulihesabu nematodi kwa mara ya kwanza. Njia ni rahisi: sahani pana, wavu juu yake, karatasi ya shashi, udongo juu ya shashi, maji yaguse udongo kwa chini. Baada ya siku mbili minyoo imeshuka majini. (Tulianza na faneli na mpira uliobanwa, kama vitabu vinavyosema, lakini kwa joto letu maji yaliyosimama ndani ya mpira yaliishiwa oksijeni na minyoo ikafa tuli. Sahani pana inapumua.) Chini ya hadubini wanapinda na kujinyoosha kama mikia ya koma, wengine wana mdomo laini wa kunyonya bakteria, wengine wana mwiba wa kuchoma mzizi.

Hesabu ilikuwa nzuri mno. Viriba vya musizi kwenye gesi vilikuwa na nematodi karibu maradufu. Wanafunzi walipiga makofi. Nami nilifurahi, nikalala nimefurahi.

Asubuhi niliinua kiriba kimoja cha gesi ili kukisogeza, kisha cha jirani yake asiye na gesi. Mikono iliniambia kabla ya akili. Kimoja kilikuwa kizito zaidi.

Jani lina vitundu ambavyo hewa ukaa huingilia na maji hutokea. Hewa ukaa ikiwa nyingi, vitundu hufunga kidogo, mti hunywa maji machache. Sisi tulikuwa tunampa kila mche kikombe kimoja asubuhi, sawa kwa wote, tukidhani hiyo ndiyo haki. Kumbe wale wa gesi walikuwa wanabakiza, na udongo wao umekuwa na unyevu siku zote, wakati wenzao wanakauka alasiri. Nematodi huogelea kwenye utando wa maji unaozunguka chembe za udongo. Udongo ukiwa na maji, wanaongezeka, hata kama sukari ya mzizi haijabadilika hata chembe.

Sisemi unyevu huo si matokeo ya hewa ukaa. Ni matokeo halisi, na kwenye shamba la kweli miezi ya kiangazi, Januari na Februari, huenda ndiyo yangekuwa makubwa kuliko yote. Lakini ni njia nyingine, nasi tulikuwa tumezichanganya njia mbili na kuziita moja.

Sasa kila kiriba kinapimwa kwenye mizani asubuhi na kuongezwa maji mpaka kifikie uzito ule ule. Mizani sh 95,000. Kazi imepanda kutoka dakika 20 hadi saa nzima. Kibanda kimoja cha kila upande tumekiacha na kikombe chake cha zamani, ili njia ya maji nayo iwe na shahidi.

Na jambo lingine la siku hiyo: mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, nikijua sahani ipi imetoka wapi. Tangu sasa mpwa wangu, aliye darasa la saba na hana habari na mradi, ndiye anayebandika namba kwenye sahani na kuficha orodha.

21 Juni 2025: Kopo la kostiki

Pumzi ya udongo tunaipima kizamani. Kikombe kidogo cha kostiki soda kinawekwa juu ya udongo, kinafunikwa kwa kopo la chuma lililosukumwa chini sentimita mbili. Kostiki inakunywa hewa ukaa inayotoka udongoni. Baadaye tunaongeza bariamu kloraidi na kupima kwa asidi na fenolfthalini (kiashirio kinachobadilika rangi) kujua kostiki iliyobaki.

Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyeliona kosa. Tulikuwa tumemaliza kuandika matokeo ubaoni, vibanda vya gesi viko juu sana. Akainua mkono. "Mwalimu, kopo tunalifunika saa tano mchana. Hewa iliyofungiwa ndani ya kopo si ni ile ile ya mtungi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunapima gesi tuliyoinunua Kampala na kuiita pumzi ya udongo. Na kikombe hicho hicho, kikiwa wazi njiani kutoka maabara hadi kibandani, kinakunywa hewa njia nzima.

Marekebisho: vipimo ni usiku, saa mbili baada ya vali kufungwa. Kila kibanda kina kopo la pili lililokaa juu ya sahani ya plastiki, lisilogusa udongo. Linachokunywa hilo kinatolewa kwenye hesabu. Vikombe vinafungwa kwa kifuniko mpaka dakika ya mwisho. Kostiki pia tumeiongeza maradufu, kwa sababu usiku mmoja wa mvua ilikuwa imekwisha yote, na kikombe kilichoshiba hakiwezi kukuambia ni kiasi gani kilikosa pa kuingia. Tofauti kati ya vibanda imepungua sana baada ya hapo. Haijaisha. Tunaendelea.

16 Agosti 2025: Wino na siki

Kuona kuvu ndani ya mzizi hakuhitaji rangi za maabara za bei mbaya. Chemsha vimizizi kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 mpaka viwe kama tambi zilizoiva, visuuze, kisha vichemshe dakika tatu kwenye siki yenye asilimia tano ya wino mweusi. Suuza kwa maji yenye matone ya siki. Vaa miwani na glavu. Haidroksaidi moto ikikuingia jichoni haina msamaha.

Wino wa kwanza tulioununua Kikuubo, Kampala, ulikuwa wa mashine ya kuchapia na ulitoka wote kwenye maji. Uliofaa ni wa kalamu ya kujaza, chupa sh 12,000. Mizizi ya musizi nayo ni ya kahawia kwa asili na ilibaki giza, hivyo tukaiweka dakika kumi kwenye haidrojeni peroksaidi kabla ya wino.

Halafu ikaonekana. Kimzizi chembamba kuliko uzi wa kushonea, kimekuwa kama kioo, na ndani yake nyuzi za kuvu, ambazo wino ule mweusi umezifanya za samawati, zinapita kati ya chembe na chembe kama maji yanayotafuta njia kwenye mchanga. Kwenye baadhi ya chembe uzi umeingia na kujigawa, tawi juu ya tawi, mpaka chembe nzima imejaa kijiti chenye matawi. Hapo ndipo biashara inapofanyika: sukari inatoka, fosforasi inaingia. Wanafunzi walipanga foleni mbele ya hadubini moja mpaka magharibi, na hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya zamu yake ya pili.

4 Oktoba 2025: Tumeng'oa

Kabla ya matokeo, kosa la mwisho. Viriba vya lita tano vilikuwa vidogo. Kwenye musizi kumi mizizi imezunguka chini kama kamba kwenye ndoo. Mzizi uliobanwa hauna pa kuipeleka sukari, na mti hupunguza mwitikio wake kwa hewa ukaa. Awamu ijayo ni magunia ya lita 50, mti mmoja kila gunia.

Tulichokiona, kwa vibanda vitatu dhidi ya vitatu, ambavyo ni vichache sana kudai kitu kikubwa: kimo cha miche hakikutofautiana. Vimizizi vyembamba vya musizi vilikuwa vingi zaidi kwenye gesi katika vibanda viwili kati ya vitatu, na katika viwili hivyo hivyo samawati ilikuwa imeenea zaidi. Pumzi ya usiku ilikuwa juu kwa vitatu vyote, kidogo lakini mara zote. Nematodi, maji yalipolinganishwa, walikaribiana. Kwenye vibanda vya kikombe cha zamani tofauti ilibaki. Misonobari sitaisemea, kwa sababu ilianza kuchelewa na njano ile.

Kwa hiyo miti imelipa zaidi chini na haijaongeza kimo. Nami nataka kujua kama uhaba wa fosforasi ndio ulioinyima kimo. Uganda inayo fosfeti yake kwenye vilima vya Sukulu, Tororo. Ni jiwe la apataiti, linayeyuka polepole, na kuvu na asidi za mizizini husaidia kulimegua. Nusu ya magunia yatapata unga wa jiwe hilo, nusu hayatapata, chini ya hewa zote mbili.

Tumekwisha kuleta kilo 20, sh 60,000 pamoja na nauli ya taksi. Ziko maabara, zimefungwa kwenye kavera (mifuko ya plastiki) mbili. Mtungi mpya unakuja Jumatano, na vihisi vinakwenda uwanjani Jumamosi.